Wazee Wetu na Maji ya Kunywa



Katika mwaka 1331 alipita katika mwambao wetu msafiri mashuhuri kutoka Maghribi, Ibn Battuta, akielekea Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na hakuandika mengi juu yake. Lakini katika hayo machache limo jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Alisema kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa madhubuti, na penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji yakitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa kiasi cha dhiraa moja. Mwenye kutaka kuingia huosha miguu yake, kisha huifuta kwa kipande cha mkeka mgumu kilichowekwa hapo.

Chombo chenye mpini! Msomaji wa pwani hana haja ya kuambiwa jina lake. Ndiyo kata, ijapokuwa ile tuliyoikuta kwa bibi zetu ilikuwa ya kifuu cha nazi.

Najua kwamba maji yale yalikuwa ya kuoshea miguu, si ya kunywa. Nimeyataja kwa sababu yanaonyesha akili ya watu wa zamani. Walipotaka watu waingie msikitini na miguu safi hawakutosheka na kuwahimiza. Waliweka kisima mlangoni, wakaweka kata kisimani, wakaweka na mkeka kando yake, na mtu akajikuta amekwisha osha miguu kabla hajafikiri. Kwa jicho hilo hilo nataka tuitazame tabia nyingine, ndogo mno hata mtu huona haya kuiandikia makala, nayo ni kunywa maji ya kutosha kila siku. Siku hizi husikia watu wakihimizana juu yake kama kwamba ni elimu mpya iliyotoka ng'ambo. Wazee wetu hawakuhimizana sana. Walikuwa na mtungi.

Na mtungi ulikuwa na mahali pake. Haukuwekwa jikoni penye moto, bali ukumbini au uani, penye kivuli na panapopita upepo, aghalabu juu ya mchanga uliorowa. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, upepo huyakausha, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtungi wetu haupoi sana kama gudulia la Misri, na ndiyo maana mahali pa upepo palitafutwa kwa bidii. Mtungi mpya ulisuguliwa, ukafukizwa kwa ubani, kisha ndipo ukatiwa maji, na aliyekunywa maji yale akiwa mtoto hata leo akiyakumbuka huisikia harufu yake. Juu ya mtungi palikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko kata.

Sasa tazama. Mtoto akirudi kutoka chuoni alipita mbele ya mtungi kabla hajafika jikoni. Mume akitoka shamba alikutana nao kabla hajaketi. Mgeni aliletewa maji kabla ya kuulizwa khabari za safari. Hakuna aliyekuwa akihesabu bilauri. Maji yalikuwa njiani, yamepoa, yana harufu njema, na mwenye kupita alikunywa.

Wala tusiwapambe wazee kupita kiasi. Maji yale hayakutembea kwa miguu yake. Katika mji wa mawe wa Unguja, katika karne ya 19, mitungi ya majumba makubwa ilijazwa kwa vichwa vya watumwa, na mashambani ilijazwa kwa vichwa vya mama zetu na dada zetu, alfajiri na jioni. Aliyekunywa kwa raha hakuwa daima ndiye aliyejua umbali wa kisima. Mwenye kuandika tarikh ya maji akaliacha hili ameandika nusu yake.

Jambo la pili walilokuwa nalo watu wa zamani ni kuyafanya maji yawe bure. Madina, baada ya Hijra, maji matamu yalikuwa haba, na kisima cha Ruma kilikuwa cha mtu aliyekuwa akiyauza maji yake. Sayyidna Uthman bin Affan akakinunua kwa mali yake, akakitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na tangu siku hiyo tajiri na maskini wakanywa sawasawa. Saad bin Ubada naye, alipofiwa na mama yake na kumuuliza Mtume (S.A.W.) ni sadaka gani iliyo bora, aliambiwa ni maji, akachimba kisima kwa ajili yake. Kutokana na mwendo huu likaenea jambo la sabili, yaani maji yanayowekwa njiani kwa kila mpita njia.

Sabili nzuri kuliko zote ninazozijua khabari zake iko Kairo. Aliijenga Abd al-Rahman Katkhuda katika mwaka 1744, na jengo lake lingali limesimama. Chini ni sabili, yenye madirisha ambayo watu walipewa maji kwayo, na ghorofa ya juu ni chuo cha watoto cha kusomea Kurani. Katika Kairo yalikuwapo majengo mengi ya namna hii, maji chini na elimu juu. Mimi nimesomesha watoto kwa miaka mingi, na kila nikifikiri juu ya jengo lile naona kwamba aliyelipanga alimjua mtoto. Hukumweka mtoto saa mbili katika joto, koo limemkauka, kisha ukamtaka ahifadhi. Sisi katika miji yetu hatukuwa na majengo ya fahari kama hayo. Tulikuwa na mtungi nje ya msikiti, na kikombe kilichofungwa kwa kamba kisiibiwe.

Lakini kuwa na maji karibu hakutoshi ikiwa maji yenyewe ni machafu, na hapa tarikh yetu ina msiba wake. Kipindupindu kiliingia Unguja katika miaka ya 1858 na 1859, kikarudi tena kwa ukali katika 1869 na 1870. Visima vya mji vilikuwa vifupi, vimechimbwa katikati ya nyumba, si mbali na mashimo ya vyoo. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, alikuwapo Unguja wakati wa maradhi ya mara ya pili, na katika 1876 alichapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akifuata njia ya ugonjwa kwa misafara ya bara na vyombo vya pwani. Siku zile hata Ulaya watu walikuwa wakibishana. Dr. John Snow alikwisha onyesha London katika 1854 kwamba waliokufa katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja la mkono, lililokuwa Broad Street, lakini wengi hawakumkubali, wakashikilia kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya. Kijidudu chenyewe hakikuthibitishwa ila katika 1883 na 1884, na Robert Koch.

Sayyid Barghash bin Said alitawala tangu 1870 mpaka 1888. Katika mambo yake yote, majumba yake, marikebu zake na saa yake ya mnarani, mimi naliweka mbele moja: alileta maji safi mjini kutoka chemchemi iliyo kaskazini ya mji, kwa mfereji na mabomba, watu wakapata maji ambayo hayakutoka katika visima vya vichochoroni. Majumba ya wafalme hugeuka makumbusho, au hubomoka. Bomba la maji huingia katika mwili wa watu, na faida yake huonekana kwa wale ambao hawakufa, nao hawahesabiki.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio, nami sitakaa sana juu yake. Mombasa ililetewa maji kwa bomba refu kutoka chemchemi za Mzima katika miaka ya 1950. Tanzania katika 1971 ilijiwekea lengo la miaka ishirini, kwamba ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini awe na maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Lengo hilo halikufikiwa, lakini tazama lilivyopimwa. Waliolipanga walitaja umbali, kwani walijua kwamba mama akitembea saa moja kufuata ndoo, katika ndoo hiyo atapika, ataosha watoto na vyombo, na mwisho wa mambo hayo yote ndipo atajikumbuka yeye na koo lake.

Na penye bomba nako likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mtungi ukaondoka. Ulionekana ni kitu cha kishamba. Maji yakahamia jikoni, katika mfereji, na kwa kuwa si kila mfereji unaaminika, yakabidi kuchemshwa, na yaliyochemshwa yakafungiwa katika friji au ndani ya dumu. Ukumbini, pale ulipokuwa mtungi, pakawekwa redio, baadaye televisheni. Mtoto akirudi hakutani tena na maji. Akiwa na kiu kidogo husema ataondoka baadaye, na akiwa na kiu kikubwa hutaka soda. Na madukani maji yakarudi kuuzwa kwa chupa, kama yalivyokuwa yakiuzwa Ruma kabla ya Sayyidna Uthman. Simlaumu mwenye kuyauza, maana maji yasiyo salama ni hatari kuliko hasara ya shilingi. Nasema tu kwamba kitu cha kununua hufikiriwa mara mbili, na maji yakifikiriwa mara mbili hunywewa nusu.

Labda utaniuliza, ewe msomaji: ya nini mashaka yote haya, na Mwenyezi Mungu ametuumbia kiu? Mwenye kiu si atakunywa? Swali ni zuri, na limepata majibu kutoka mahali tusipopatarajia, nako ni jeshini. Zamani maofisa wengi waliamini kwamba askari anaweza kuzoezwa kuishi kwa maji kidogo, kama mtu anavyozoezwa kubeba mzigo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mtaalamu wa Kimarekani, E. F. Adolph, pamoja na wenzake, waliwapima askari katika jangwa la kusini mwa California, na khabari zao zikatoka katika kitabu mwaka 1947. Waliona mambo mawili. La kwanza, hapana mazoezi yanayoweza kupunguza haja ya mwili kwa maji. Aliyenyimwa hakuzoea, alidhoofika. La pili ndilo la ajabu zaidi. Askari waliokuwa na maji tele, bila ya kukatazwa, walipofanya kazi juani walikunywa sehemu tu ya jasho lililowatoka, wakasema wametosheka. Kisha walipoketi kula chakula ndipo walipoyarudisha yaliyopungua. Mtu anayefanya kazi katika joto kali huweza kutokwa na jasho la lita moja na zaidi kwa saa, na kiu chake kikamwambia kwamba nusu yake yatosha.

Na kwa sisi wenye mvi jambo ni zito zaidi. Katika 1984 madaktari wa Uingereza waliwachukua wazee saba wenye afya njema, wenye umri wa miaka 67 hadi 75, na vijana saba, wote wakakaa saa 24 bila ya maji. Mwisho wake miili ya wazee ilikuwa na upungufu, damu yao ikionyesha hivyo wazi, na hata hivyo hawakusikia kiu kama vijana, na walipopewa maji hawakunywa kiasi cha kuurudisha mwili ulipokuwa. Basi mzee asemaye «mimi sina kiu» hasemi uongo. Kweli hana. Lakini kutokuwa na kiu kwake si dalili kwamba mwili wake umeshiba maji, na wanaomwangalia yafaa walijue hili kabla hawajaanza kushangaa kwa nini anaona kizunguzungu akisimama, au kwa nini leo amelitaja jina la mjukuu siye.

Ama hesabu ya bilauri nane inayotembea midomoni mwa watu, nayo ina tarikh yake. Mwaka 1945 bodi moja ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima wa kawaida yamfaa kiasi cha lita mbili na nusu kwa siku, na papo hapo ikaeleza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya chakula. Inaonekana watu wakalishika neno la kwanza wakaliacha la pili. Katika 2002 Heinz Valtin, profesa aliyeitumia maisha yake kusomesha kazi za figo, alitafuta ushahidi wa bilauri nane katika vitabu vya tiba, na hakuuona. Wataalamu wa Ulaya katika 2010 walikadiria lita mbili kwa mwanamke na mbili na nusu kwa mwanamume, maji yote pamoja, ya kunywa na ya katika chakula, kwa mtu asiyefanya kazi ngumu wala kukaa katika joto kali. Mchuzi umo katika hesabu hiyo, uji umo, chungwa na tikiti yamo, na hata chai imo, ijapokuwa sukari tunayoitia chai yetu ni makala nyingine.

Na wako wanaovuka mpaka upande wa pili. Katika mbio ndefu za Boston za 2002 walipimwa wakimbiaji 488 walipomaliza, na 13 katika kila mia walikutwa chumvi ya damu yao imeshuka kupita kiasi, na wengi wa hao walikuwa wamekunywa mno njiani. Tumekatazwa israfu katika kula na katika kunywa pia, na watu husahau kwamba maji nayo ni kinywaji. Mgonjwa wa figo au wa moyo amfuate daktari wake, wala asiifuate makala hii.

Basi tufanye nini katika nyumba zetu? Hatutarudi kisimani. Lakini akili ya kisima cha mlangoni tunaweza kuirudisha kwa gharama ndogo. Chukua mtungi, au ndoo yenye kifuniko na kibomba chake, itie maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, uiweke pale ambapo watu wa nyumba hupita wakiingia. Kisha yafunge maji na jambo ambalo kila siku hulifanyi bila kukosa. Sisi tunazo sala tano, na mtu akinywa bilauri ya robo lita kwa kila sala, na bilauri mbili pamoja na chakula, amekunywa lita moja na robo tatu bila ya kuhesabu kitu, na baki italetwa na chakula chenyewe. Alimaye juani au achukuaye mizigo bandarini aongeze, na aongeze akiwa kazini, asingojee mpaka jioni. Na anywe kwa pumzi tatu kama alivyokuwa akinywa Mtume (S.A.W.), asiyamimine kama amwagiliaye mchicha.

Katika mwezi wa Ramadhani desturi hii hubadilika, na hapo ndipo watu hukosea zaidi. Wengi hunywa kidogo wakati wa kufuturu, wakasahau usiku kucha, kisha wakati wa daku hunywa bilauri nne kwa mkupuo wakidhani wanaweka akiba. Mwili hauna ghala la maji. Ukiletewa mengi kwa mara moja huyatoa, na kabla ya jua kupanda yamekwisha kwenda zake. Bora yatawanywe: wakati wa kufuturu, baada ya Isha, baada ya Tarawehe, kabla ya kulala, na wakati wa daku.

Katika madrasa ninayosomesha watoto huja alasiri, wametoka skuli, wengine wametembea juani. Tuliweka ndoo ya maji karibu na mlango, kila mtoto na kikombe chake, na kila wiki mtoto mmoja akawa ndiye mgawaji, na kwa mafunzo ya Mtume (S.A.W.) mwenye kuwanywesha watu hunywa mwisho. Wavulana walizoea kwa siku mbili. Wasichana wakubwa hawakunywa. Mwalimu wa kike akawauliza faraghani, wakasema choo hakina mlango wa kufungika, na anayekunywa maji atahitaji kwenda. Walikuwa wakijizuia maji tangu asubuhi, skuli na madrasa, siku zote hizo, na hakuna aliyewasikia wakilalamika. Wazazi wakachanga, mlango ukatiwa na komeo ndani, na ndoo ikaanza kwisha kabla ya Magharibi. Ewe mzazi, ukimwona binti yako hanywi maji, kabla ya kumhimiza kaulize kwanza khabari za choo cha pale anaposoma.

Na wazee wanayo sababu inayofanana na hiyo. Mzee hujizuia maji kwa kuogopa kuamka usiku, kwenda uani gizani na miguu haimsaidii. Hofu yake ni ya kweli, maana wengi huanguka katika mwendo huo. Usimhimize anywe wakati wa kulala. Mpe asubuhi baada ya Alfajiri, mpe kabla ya adhuhuri, mpe alasiri, na bilauri yake ya mwisho iwe karibu na Magharibi. Umpelekee mkononi, usimuulize kama ana kiu. Na usiku umwachie taa.